Nyumba Isiyo na Moshi

Watu hudhani mwanamke anayeishi peke yake ana kitu anachokikimbia. Mimi sikuwa nakimbia kitu. Nilikuwa na nyumba yangu nyuma ya kilima, upande wa Butiama, na ng'ombe mmoja wa maziwa, na shamba la mtama na mihogo. Nilikuwa pia na kipande cha pamba. Kila msimu niliichambua mwenyewe, safi huku na fifi, ile yenye uchafu, kule, kabla ya kuipeleka Bunda, kwa sababu karani wa pamba haoni haya kukurudishia gunia zima kwa ajili ya viganja viwili vya pamba chafu. Nilikula nilichopika na nililala nilipochoka. Wako walioona maisha ya namna hiyo ni adhabu, wakanihurumia mbele ya macho yangu, na huruma ya watu wanaokuja kukuomba chumvi sikuwahi kuipenda.

Naitwa Wankyo. Kwa miaka mingi karibu hakuna aliyeniita hivyo. Mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake, na mimi sikujaliwa mtoto, basi nilikuwa mke wa Enoka. Enoka alipokufa niliendelea kuwa mke wa Enoka, maana hakuna aliyejisumbua kunitafutia jina jingine.

Alikuwa fundi wa kuezeka nyumba, mtu wa maneno machache na nyimbo nyingi. Mwaka wa Uhuru alikwenda Musoma kwa miguu kuona bendera mpya ikipandishwa, akarudi sauti imemkauka kwa kuimba, nikamkandia koo kwa maji ya moto huku nikimcheka. Mwaka uliofuata alikwenda tena huko huko Musoma, kuezeka nyumba za watu Kamunyonge. Aliporudi alikuwa juu ya lori, amefunikwa shuka. Walisema alianguka kutoka kwenye paa. Tulimzika nyuma ya nyumba, na watu wakakaa nami mpaka siku za msiba zikaisha, kisha wakaenda makwao kama ilivyo kawaida ya watu.

Alichoniachia Enoka kilikuwa moto. Hapa lazima nieleze, maana vijana wenye viberiti mfukoni hawatanielewa. Katika ukoo wa Enoka, moto wa nyumba mpya hauwashwi, unaletwa. Unaletwa na mtu wako, kutoka kwenye mafiga yaliyokwisha kupikia watu, na yule aliyeuleta anakaa ndani ya nyumba yako na kula nawe chakula cha kwanza kilichoiva kwa moto huo. Nyumba isiyoletewa moto ni banda tu. Wataiita nyumba kwa adabu, lakini moyoni wanaiweka pamoja na mabanda ya mbuzi. Moto wa kila siku waweza kuuomba kwa jirani yeyote, hakuna aibu. Moto wa kwanza hauombwi. Unakaa na kusubiri wenye mapenzi nawe wakukumbuke.

Moto wangu uliletwa na mama yake Enoka kwa mkono wake, ndani ya kigae cha chungu, siku nilipoingia nyumba ile nikiwa mwali. Tulikula ugali wa mtama na maziwa, yeye akanionya nisiwe na mdomo mkali. Niliusikiliza moto kuliko onyo. Kila jioni nilifukia gogo la mgunga chini ya jivu, na kila asubuhi nililifukua, nikaongeza mavi makavu ya ng'ombe, nikapuliza, likaamka. Mama mkwe akafa, Enoka akafa, gogo moja likaisha likashika jingine. Moto ulikuwa ule ule.

Nyumba yangu ilikuwa penye njia panda, kwa hiyo majirani waliozimikiwa usiku walikuja kwangu alfajiri. Wanawake walikuja na vigae, wazee na vipande vya kuni. Tulisalimiana, niliwapa kijinga cha moto, waliniambia nani anaumwa na ng'ombe wa nani amezaa, wakaondoka wakikimbiza moto wao usiwazimikie njiani. Yalikuwa maongezi ya kusimama mlangoni tu, lakini yalinitosha. Nilipoulizwa kama sioni upweke nilijibu sioni. Ukweli ni kwamba niliuona upweke mchana, hasa ule mchana wa jua kali ambapo hata kuku wamenyamaza, ila nilijua alfajiri kuna mtu atahitaji moto, na mimi ndiye ninaye. Mtu aweza kuishi vizuri sana kwa jambo dogo kama hilo. Mimi niliishi.

Nyumba moja tu haikuwahi kuja kuomba moto kwangu. Ilikuwa nyumba ya Magesa, mdogo wake Enoka.

Baada ya msiba, wanaume wa ukoo walikaa kikao wakaamua Magesa anirithi. Kwao ni jambo jepesi: shemeji anamletea mjane moto, anaingia, anakula naye, na hapo amekwisha kumrithi, hakuna haja ya maneno mengine. Magesa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mke, Nyamburi, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya mto, na nilijiona nikigombana naye juu ya sufuria mpaka uzeeni. Mimi nilitaka mlango wangu. Nilisimama mbele ya wazee nikasema mimi si jembe la kurithiwa, na kama Magesa anataka jembe, maduka yako Bunda. Watu walicheka. Magesa aliinamisha kichwa, akachukua kigoda chake akaondoka. Sijutii kukataa, na nikisimamishwa leo nitakataa tena. Tangu siku ile hakukanyaga mlangoni kwangu. Tukikutana njiani alinisalimia, akatazama miguu yangu, akapita.

Hivyo ndivyo miaka ilivyokwenda mpaka mwaka wa sabini na nne, tulipoambiwa tuhamie kijiji kipya kando ya barabara.

Sitaki kusema mengi juu ya kuhama. Wako waliofurahi, kwa sababu shule ilikuwa karibu na waliahidiwa maji ya bomba na zahanati, na wako waliolia. Mimi sikufanya lolote kati ya hayo, nilifunga mizigo. Vijana wa mgambo walisimama uani wakihimiza. Lori lilipofika nilipandisha chungu, kinu, magunia na kuku, kisha nikaja na kigae changu, moto umekaa vizuri katikati ya mavi makavu.

Dereva akanizuia. Alikuwa mtu wa heshima, Mungu amlinde.

"Mama, hiyo moto hatuwezi kubeba. Angalia, kuna majani ya kuezekea, kuna watu, na hapa chini kuna petroli. Tutawaka wote."

"Nitaushika mwenyewe."

"Hata kama. Chukua hii." Akatoa kiberiti chake mfukoni, akanitia mkononi, akanifunga vidole juu yake kama mtu anayempa mtoto peremende. "Utawasha kule kule. Moto ni moto, mama."

Sikuwa na la kubishana, kwa maana alikuwa na haki. Lori lile lilinuka petroli mpaka machozi yanatoka. Nilirudi ndani, nikarudisha makaa kwenye mafiga, nikaliweka gogo kubwa kuliko yote niliyokuwa nayo, nikalifukia kwa jivu jingi. Nilisimama kidogo kwenye kaburi la Enoka. Kisha nikapanda lori. Ng'ombe wangu aliletwa baadaye na vijana pamoja na wa wengine.

Kijiji kipya kilikuwa mstari. Nyumba zote zilitazama barabara na zililingana mpaka nilihesabu milango kabla ya kuingia kwangu. Jioni ile ya kwanza niliketi kizingitini nikatazama watu wakiletewa moto. Waliokuja kwa miguu walikuja nao kwa vigae, wengine wakaletewa na shangazi, wengine na baba wakwe. Moshi ukaanza kutoka kwenye paa moja, kisha jingine, mpaka mstari wote ukawa unafuka isipokuwa paa langu. Nilifikiri kesho watanikumbuka.

Kesho yake hakuja mtu. Nilielewa baadaye walivyowaza. Majirani wa zamani walisema huyu ana wa ukoo wake, Magesa yuko mwisho wa mstari, sisi tukipeleka moto tutakuwa tumemtukana Magesa. Na wale wasionijua vizuri walisema mke wa Enoka hakosagi moto, wa nini kumpelekea. Kila mmoja alikuwa na adabu yake, na mimi nilikaa katikati ya adabu zao nikitafuna karanga mbichi na viazi vibichi, nikinywa maziwa yaliyoganda kwenye kibuyu.

Kiberiti cha dereva kilikuwa juu ya dirisha. Sitadanganya kwamba sikukitazama. Nilikitazama zaidi ya nilivyowahi kumtazama mwanamume. Mlango ukiwa umefungwa, nani angejua moto umetoka wapi? Lakini ndiyo ubaya wa kuishi peke yako miaka mingi: unajizoesha kufanya mambo sawasawa bila mtu kukuona, mwisho huwezi tena kujifanyia ujanja. Ningepika ugali, ningekula, na kila tonge ningejua niko kwenye banda.

Asubuhi ya siku ya tatu mtu aligonga. Nilirukia mlango. Alikuwa mwanamke kijana nisiyemfahamu, ameshika kigae, na kigae kilikuwa kitupu.

"Shikamoo, mama. Mimi ni Euphrasia, jirani yako wa hapa. Tumetoka Kiriba, bwana wangu ndiye mtu wa huku. Moto wangu umezimika na mtoto anataka uji. Wameniambia wewe unakuwaga na moto siku zote."

Nikamwambia sina.

Alinitazama. Alichungulia kidogo nyuma yangu, kwenye giza, kisha akatazama tena uso wangu. Ningeweza kumweleza. Lakini kumweleza mtu kwamba hujaletewa moto ni njia ya kuuomba, na kuomba sikutaka. "Sina," nikasema tena, na sauti ilitoka kavu kuliko nilivyokusudia.

"Basi, mama. Asante," akasema, akaenda nyumba ya pili.

Tangu niolewe sikuwahi kumjibu mtu neno lile. Nilirudi nikakaa kwenye mkeka, na nilijisikia vibaya kuliko siku ya msiba, kwa sababu siku ya msiba nilikuwa mtu aliyefiwa, kila mmoja alijua la kunifanyia. Sasa nilikuwa mtu asiye na faida. Mchana nikasikia wanawake kisimani wakisema mke wa Enoka kahamia barabarani na kuanza choyo. Nilichota maji yangu nikapita katikati yao. Hawakunyamaza.

Silasi alikuja jioni. Alikuwa mwenyekiti wa kijiji, kijana wa Buhare aliyesoma, mwenye baiskeli na sauti ya mikutano hata akiongea na mtu mmoja.

"Mama, hujambo? Mbona hapa sioni moshi?"

"Sijapika."

"Tangu umefika hujapika? Watu wananiambia ile nyumba haina mtu, mwenyewe amerudi kule porini. Sasa mimi nina familia zinasubiri kiwanja. Jumamosi tuna mkutano. Nyumba ambayo haina moshi tutahesabu haina mwenyewe."

"Na mwenyewe atakwenda wapi?"

"Si una shemeji hapa? Ukoo ni mmoja. Tutakuandika kwenye kaya ya Mzee Magesa, atakujengea chumba. Hata kwa umri wako ni vizuri, usikae peke yako." Akashusha sauti, akawa mwema kabisa, na wema wake ukaniudhi zaidi. "Mama, si uwashe tu? Njiti moja. Kesho asubuhi nikipita nione moshi, yaishe."

Aliondoka akipiga kengele ya baiskeli bila sababu. Nilibaki na maneno yake. Miaka yote nilikuwa nimelinda mlango wangu nisiwe wa Magesa, na sasa ningekwenda kwake kwa amri ya mkutano, nikiwa na mkeka na kinu, nikaamke kwa sauti ya Nyamburi. Au niwashe njiti. Nilichukua kiberiti, nikakitikisa, nikasikia njiti zikigongana. Nilikirudisha dirishani. Nikasema nitakwenda kuutafuta moto wangu na kujiletea mwenyewe, na atakayecheka acheke mpaka meno yamkauke.

Jogoo alipowika nilikuwa njiani na kigae na kikapu cha mavi makavu. Tulikuwa tumekatazwa kurudi nyumba za zamani, lakini mwanamke mwenye kikapu kichwani hakuna anayemuuliza aendako. Nilipita mashamba ya pamba, mengine hayajavunwa, pamba imefunguka na kuning'inia bila mtu. Nyumba nilizozipita zilikuwa zimeezuliwa paa. Sikukutana na yeyote. Njia niliyoizoea ikiwa na sauti za watu ilikuwa na ndege tu, na hapo ndipo nilipohofu kweli: gogo moja, siku zote hizo, bila mtu wa kulifukua wala kulifukia. Nilijua jivu. Nilijua kwamba moto ule ulipaswa kuwa umekufa, na bado miguu ilienda.

Nilipokaribia niliona moshi. Ulikuwa mwembamba, ukipita pale paa lilipokuwa. Nilifikiri ni vijana wanachoma panya. Nikaingia ndani kwa hasira.

Magesa alikuwa amechuchumaa mbele ya mafiga yangu, anasogeza gogo kwa mguu. Lilikuwa gogo jipya. Hakushtuka. Aliendelea kulisogeza mpaka likakaa alivyotaka.

"Umechelewa," akasema. "Mimi nilijua utakuja siku ya pili. Kila siku nakujaga naangalia njia."

Nilishusha sauti, jambo ambalo mama mkwe angelifurahia.

"Umekuja kufanya nini hapa, shemeji?" nikauliza.

"Kuchunga. Ng'ombe zinapenda majani ya huku."

"Ng'ombe ziko wapi?"

Alitazama nje. Uwanja ulikuwa mtupu mpaka kilimani. "Leo nimeziacha," akasema.

Nikaweka kikapu chini. Jivu langu lilikuwa limekusanywa vizuri pembeni, jinsi ninavyolikusanya mimi. Mtu ambaye hakukanyaga mlangoni kwangu miaka yote ile alijua ninavyolaza jivu.

"Kama ulijua sina moto, kwa nini hukuniletea?"

"Unajua kwa nini." Hakupandisha sauti. "Ulisema mbele ya wazee wewe si jembe. Nikuletee moto, niingie kwako, nile? Watasema Magesa amefuata jembe lake. Na wewe utasema hivyo hivyo. Mimi sikataliwi mara mbili, shemeji. Mara moja imetosha."

Nilikaa chini kwenye sakafu, maana miguu ilikuwa imechoka. Yeye akavunja kipande cha samadi akakiweka motoni.

"Hii moto aliileta mama," akasema. "Nilikuwa mdogo, mimi ndiye nilimbebea mavi ya ng'ombe siku ile. Nilikaa pale nje, hukuniona. Kwangu, Nyamburi amewasha kiberiti siku tumefika. Amesema hawezi kusubiri. Sasa ya mama imebaki hii tu, niiache izimike?"

Natamani niseme kwamba moyo wangu ulimgeukia. Haukugeuka. Sikuwahi kumpenda Magesa na sikuanza siku ile. Ila niliona aibu mpya ambayo sikuijua, na uchungu ambao haukuwa wa Enoka. Nilikuwa nimezoea kuamini kwamba mimi peke yangu ndiye ninayejali kitu kile, na kuamini hivyo kulinipa nguvu nyingi. Kumbe tulikuwa wawili, kila mtu upande wake wa kilima, na hakuna aliyemwambia mwenzake. Niliona miaka yangu yote ya upweke, na kwa mara ya kwanza niliona na yake.

Tulipanga makaa kwenye kigae. Yeye alikichukua kabla sijakigusa, akatoka. Nilipita kaburini nikang'oa majani yaliyoanza kuota, kisha nikamfuata na kikapu. Hatukuongozana kama watu wanaoongozana. Alitangulia, nami nikabaki nyuma kiasi kwamba mpita njia angetuona wasafiri wawili tofauti. Upepo ulipovuma alisimama na kugeuzia mgongo, nikamfikia, nikaongeza mavi makavu, akaendelea. Aliniuliza kama pamba yangu nimevuna yote. Nikamwambia bado. Akasema hata yeye. Hayo ndiyo tuliyoongea njia nzima.

Jua lilikuwa limeshaanza kushuka tulipofika barabarani. Kwenye mlango wangu palibaki hatua chache. Magesa alisimama upande wa pili wa barabara, kwenye jiwe lililoachwa na wajenzi, akakiweka kigae chini taratibu.

"Mimi naishia hapa," akasema.

Nilivuka nikakichukua. Kilikuwa cha moto, nikakishika kwa upindo wa kanga. Wazee wa ukoo wangeweza kubishana mwaka mzima kama moto ule uliletwa au nilijiletea, na mpaka leo mimi sina jibu la kuwapa. Niliingia, nikaumimina katikati ya mafiga mapya, nikapiga magoti, nikapuliza. Uliniingia machoni. Ukashika.

Kesho yake nilimpelekea Euphrasia makaa kwenye kigae kabla hajaamka vizuri. Alinitazama kama mtu anayeota, kisha akanirudishia kigae changu na samaki wawili wakavu, furu wa ziwani, kutoka kwao Kiriba, na tangu hapo huja mwenyewe, na wengine huja, kwa sababu hata duka la kijiji likiwa na viberiti leo, kesho halina. Nimerudi kwenye maongezi yangu ya mlangoni. Silasi alipita na baiskeli, akaona moshi, akafurahi kana kwamba ameuwasha yeye. Jumamosi jina langu lilisomwa mkutanoni peke yake, kaya ya mtu mmoja, Wankyo. Kiberiti cha dereva bado kiko dirishani. Mchana wa jua kali bado ni mrefu, na bado kuku hunyamaza. Nina ninachohitaji, nimesema hivyo siku zote na sibadilishi. Lakini hayo ni ya kesho yake na baadaye. Jioni ile ilikuwa hivi.

Nilisonga ugali wa mtama nikauepua. Nikamimina maziwa kwenye bakuli dogo. Nilipotaka kukaa ndani, niliona kupitia mlangoni kwamba Magesa hajaondoka. Alikuwa ameketi juu ya jiwe lile lile, ng'ambo ya barabara, fimbo imelala miguuni, anatazama paa langu likifuka. Niliinuka na chakula changu, nikaja nikaketi kizingitini, ndani ya nyumba yangu lakini mahali anaponiona. Akafungua mfuko wake, akatoa muhogo wa kuchemsha uliopoa, umefungwa kwenye jani. Akaushika tu mkononi. Alisubiri mpaka nikakata tonge la kwanza, nikalichovya kwenye maziwa, nikalitia kinywani. Ndipo naye akauma muhogo wake.

Watu walipita katikati yetu, wengine na mbuzi, wengine na madumu, na hakuna aliyeona kitu. Tulikula polepole, kila mmoja chakula chake, mpaka tukamaliza pamoja. Magesa alikung'uta mikono, akaokota fimbo, akaelekea mwisho wa mstari bila kuniaga, kwa sababu mtu ambaye hakufika hawezi kuaga.